Randa ya Baba Mdogo

Nilianza kukaa katika karakana ya baba mdogo nikiwa na miaka tisa. Karakana yenyewe ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, huko Katuba, mjini Lubumbashi. Kila likizo mama alinipeleka huko ili nisizurure barabarani. Wana wa baba mdogo, ambao ni kaka zangu, walishika misumeno na nyundo. Mimi, kwa kuwa ni msichana, nilipewa ufagio. Nilifagia maranda, nilichota maji, na muda uliobaki nilikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikaangalia. Nikiuliza swali, baba mdogo alijibu bila kuinua kichwa: «We mutoto, usiniulize. Angalia mukono.»

Basi niliangalia mkono kwa miaka kumi. Niliona jinsi anavyopitisha kiganja juu ya ubao wa mulombwa kabla ya kuupiga randa, kwanza kwenda, halafu kurudi, ili ajue nyuzi za mbao zimelala upande gani. Niliona bega linavyoshuka kidogo kabla randa haijaanza kutembea. Nilipoingia chuoni niliweza kusema, kwa kuona bega tu, kama maranda yatatoka marefu au mafupi. Lakini randa yenyewe, ambayo karakanani tunaiita rabo, sikuwahi kuishika hata siku moja.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, baba mdogo alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilipooza. Maneno yalimtoka yote isipokuwa moja: «basi». Ukimwuliza kama ana njaa, anajibu «basi». Ukimsalimia, «basi, basi». Hospitalini tulielezwa kwamba damu ilikosa kufika sehemu za upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba lugha.

Baada ya miezi mitatu familia ilikaa kikao. Dawa zilikuwa ghali na karakana haikuleta kitu. Kulikuwa na mtu aliyetaka kununua vyombo vyote kwa mara moja: randa tatu, misumeno, patasi, jiliwa. Baba mkubwa, ambaye si mtu mbaya, alizungumza kwa uchungu: «Ndugu yetu hasikii tena.» Katika Kiswahili cha kwetu, kama wasomaji wengi wa jarida hili wanavyojua, kusikia si kazi ya masikio peke yake. Mtu asiyesikia ni mtu asiyeelewa. Hivyo ndivyo baba mkubwa alivyokusudia. Baba mdogo mwenyewe alikuwepo, kwenye kiti chake karibu na mlango. Alipiga mkono wa kushoto juu ya kiti, akasema: «Basi! Basi!» Baba mkubwa akatugeukia: «Munaona?»

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jambo la kusema. Sikujua kama anaelewa au haelewi.

Wiki hiyohiyo, katika oditwari, profesa wetu wa saikolojia ya lugha alifika kwenye somo ambalo sijaweza kulisahau: namna ubongo wa binadamu unavyoelewa matendo ya mtu mwingine. Tunapomwona mtu akinyoosha mkono kuelekea kikombe, macho yanapokea mistari, rangi na mwendo. Hakuna mahali kwenye mwanga huo palipoandikwa kwamba mtu huyu ana kiu. Hata hivyo tunajua mara moja, bila kufikiri, kwamba anataka kunywa. Ujuzi huo unatoka wapi?

Jibu lililojulikana kuliko yote lilitoka katika mji wa Parma, Italia. Timu ya Giacomo Rizzolatti ilikuwa inachunguza kima aina ya makaki, kwenye sehemu ya mbele ya ubongo iitwayo F5, inayosaidia kupanga miendo ya mkono na ya mdomo. Waliingiza nyaya nyembamba sana na kusikiliza umeme wa nyuroni moja moja. Walijua tayari kwamba nyuroni za hapo huamka kima anaposhika kitu. Jambo lililowashangaza, ambalo walilitangaza mwaka 1992, ni kwamba baadhi ya nyuroni hizo ziliamka pia kima alipokaa kimya na kumwona mtu akishika kitu. Mwaka 1996 walitoa hesabu kamili zaidi: katika nyuroni 532 walizozisikiliza katika kima wawili, 92 zilikuwa na tabia hiyo. Wakaziita nyuroni za kioo.

Nyuroni hizi zilikuwa na masharti yake. Kuona chakula peke yake hakukutosha kuziamsha. Kuona mkono ukiigiza kushika hewani bila kitu hakukutosha pia. Zilitaka mkono na kitu vikutane, yaani tendo lenye shabaha. Mwaka 2001 timu hiyo ilionyesha kwamba takriban nusu ya nyuroni walizozijaribu ziliendelea kuamka hata pale sehemu ya mwisho ya tendo ilipofichwa nyuma ya kizuizi, mradi kima aliona mwanzoni kwamba kitu kipo nyuma yake. Mwaka 2002 walipata nyingine zilizoamka kwa sauti tu: karanga ikivunjwa, karatasi ikichanwa, bila kima kuona chochote. Na mwaka 2005, katika sehemu nyingine ya ubongo, upande wa juu nyuma, walikuta nyuroni zilizotofautisha kushika chakula ili kukila na kushika chakula ili kukiweka katika chombo, wakati ushikaji wenyewe ni uleule.

Sisi watu wa lugha tulipewa sababu ya pekee ya kukaza masikio. Sehemu F5 ya kima inalinganishwa na sehemu ya Broca katika binadamu, ile ambayo daktari Paul Broca aliieleza mjini Paris mwaka 1861 baada ya kumchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, «tan». Mwaka 1998 Rizzolatti pamoja na Michael Arbib walipendekeza kwamba lugha ya binadamu ilijengwa juu ya uwezo huu wa mkono: kwamba kabla ya kuelewana kwa maneno, tulielewana kwa matendo.

Wenzangu walifurahi. Mimi niliposikia habari ya yule mgonjwa wa Paris nilimwona baba mdogo na «basi» yake, kalamu ikanitoka mkononi.

Tatizo langu lilikuwa hili. Maelezo ya Parma, yakichukuliwa kwa ukali wake, yanasema kwamba kuelewa tendo ni kulitenda ndani ya ubongo wako bila kutikisa mkono. Kama ni hivyo, hukumu mbili zilinikabili. Ya kwanza, baba mdogo, ambaye sehemu za ubongo wake zinazoendesha mkono na lugha ziliharibika, hawezi tena kuelewa kazi ya randa. Kumbe baba mkubwa alisema kweli. Ya pili, mimi niliyeangalia miaka kumi bila kushika, sikuwahi kuelewa chochote. Nilikuwa mtazamaji wa filamu.

Nilianza kusoma. Mambo ya kwanza niliyoyapata hayakunipa faraja. Mwaka 2005 watafiti wa London, wakiongozwa na Beatriz Calvo-Merino, waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza capoeira video za michezo yote miwili huku wakipiga picha za ubongo wao. Sehemu zinazohusika na mwendo ziliwaka zaidi kwa kila mmoja alipoona mchezo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata walitenganisha kuona na kutenda kwa ujanja mzuri. Katika baleti kuna miendo ya wanaume na miendo ya wanawake. Wote hufanya mazoezi katika chumba kimoja, kwa hiyo wote wameiona yote, lakini kila mmoja anatenda ya kwake. Ubongo uliitikia zaidi miendo ambayo mtu huitenda kuliko ile aliyoiona tu kila siku. Nilijitambua humo: msichana mwenye ufagio katika chumba cha wanaume.

Mwaka 2008 Salvatore Aglioti na wenzake wa Italia waliwapima watu kwa mpira wa kikapu. Waliwaonyesha mtu anayetupa mpira, wakaikata video katikati na kuuliza: utaingia au hautaingia? Wachezaji walijua mapema zaidi, hata kabla mpira haujatoka mkononi, kuliko makocha na waandishi wa habari za michezo, ambao kazi yao yote ni kuangalia.

Halafu nilifika kwenye vitenzi, na hapo nilianza kupata pumzi. Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller, huko Cambridge, waliwapa watu kusoma kimyakimya vitenzi vya Kiingereza vya uso, vya mkono na vya mguu: kuramba, kuokota, kupiga teke. Kila aina ya kitenzi iliamsha sehemu zilizo juu au karibu ya zile zinazoendesha kiungo chenyewe. Matokeo haya yametajwa mara nyingi, na wengi wameyasoma kama uthibitisho kwamba maana ya kitenzi inakaa katika mwili.

Lakini angalieni sentensi niliyoandika sasa hivi. Kwa Kiingereza kupiga teke ni neno moja. Sisi tuna mawili, na la kwanza halina mguu ndani yake. Tunapiga teke kwa mguu, tunapiga kofi kwa kiganja, tunapiga mluzi kwa midomo, tunapiga chafya kwa pua, tunapiga magoti kwa magoti. Tunapiga pasi, tunapiga foto, tunapiga simu, tunapiga kura. Baba mdogo alipiga randa maisha yake yote. Anayesoma «piga» atawasha kiungo gani kabla hajafika kwenye nomino? Kama maana ya kitenzi ni kivuli cha mwendo, kitenzi chetu kinachotumika kuliko vingi hakina kivuli mpaka aje mwenzake. Sisemi kwamba hili linavunja utafiti wa Cambridge. Nasema kwamba utafiti ule ulifanywa katika lugha inayoficha kiungo ndani ya mzizi, na kwamba lugha yetu inauliza swali ambalo Kiingereza hakikuweza kuliuliza.

Kuna jambo la pili. Mkono unaokaza skrubu na mkono unaoilegeza ni uleule, unazunguka tu upande mwingine. Hata hivyo tuna funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, choma na chomoa. Kiambishi kidogo kinageuza matokeo, si mkono. Lugha yetu haihesabu vidole. Inaangalia hali ya kitu baada ya tendo. Kumbe hata nyuroni za kima zinafanya hivyo. Mwaka 2008 Maria Alessandra Umiltà na wenzake waliwafundisha makaki kutumia koleo za aina mbili. Za kwanza ni za kawaida: ukifunga mkono, zinashika. Za pili zimegeuzwa: ili zishike ni lazima ufungue mkono. Nyuroni nyingi za F5 ziliamka wakati wa kushika kitu, bila kujali kama vidole vinafunga au vinafunguka. Zilifuata shabaha. Niliposoma hayo nilifikiri: nyuroni hizi zingefaulu mtihani wa unyambulishaji wa vitenzi.

Basi kama kinachoeleweka ni shabaha na si mwendo wa vidole, huenda mtu aliyepoteza vidole hajapoteza kila kitu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Katuba. Kaka yangu wa pili alikuwa anamalizia mlango wa mteja kabla vyombo havijachukuliwa. Mama mdogo alikuwa amemweka baba mdogo kwenye kiti chake nje, akiangalia barabara, mgongo kwa karakana, ili apunge hewa na kuona wapita njia. Kaka alianza kupiga randa. Baada ya muda baba mdogo alipiga mkono wa kushoto juu ya kiti: «Basi! Basi!» Kaka hakugeuka. Aliniambia: «Ni vile kila siku. Anasumbua tu.»

Nilikaa juu ya ndoo yangu ya zamani. Baba mdogo alinyamaza, halafu akapiga tena, halafu akanyamaza muda mrefu. Nilitaka kujua ni nini kinachomfanya apige. Hapakuwa na pikipiki wala mtoto wala mbwa. Nikainuka kwenda kuona ubao. Sehemu moja ilikuwa laini. Sehemu nyingine ilikuwa imechanika, vijivipande vimeng'oka, kwa sababu kaka alikuwa amegeuza ubao na kuupiga randa kinyume cha nyuzi.

Nilimwomba kaka anipe dakika chache. Tulichukua kipande cha mbao kilichobaki. Nilimwambia apige mara sita, tatu kwa kufuata nyuzi na tatu kinyume, kwa mpangilio ambao nilimwonyesha kwa vidole bila kusema. Mimi nilisimama mlangoni ninapomwona baba mdogo. Mara ya kwanza, kwa kufuata nyuzi: kimya. Ya pili, kinyume: mkono ukapiga kiti, «basi!» Ya tatu, kinyume: «basi!» Ya nne na ya tano, kimya. Ya sita, kinyume: alipiga kiti kwa hasira na kujaribu kugeuka, karibu aanguke.

Kaka aliweka randa chini. Hatukusema neno kwa muda.

Baba mdogo hakuwa ameona kitu. Alisikia. Randa inayofuata nyuzi ina sauti moja ndefu, kama kitambaa kinachovutwa. Randa inayokwenda kinyume inakwaruza na kukatika. Mimi niliyekaa pale miaka kumi nilikuwa sijawahi kuitambua tofauti hiyo mpaka siku ile, kwa sababu niliambiwa niangalie mkono, nami nikaangalia mkono. Yeye, bila mkono wa kulia, bila maneno, mgongo wake ukiwa kwetu, alijua tendo ni lipi, alijua limekosewa wapi, na alitoa amri iliyofaa. Tena aliitoa kwa Kiswahili. Neno pekee lililombakia lilikuwa ndilo neno lenyewe: basi, acha, inatosha. Nikakumbuka kikao cha familia, mkono wake juu ya kiti, na sisi sote tukimwangalia kama mtu asiyesikia.

Niliporudi kwenye vitabu nilisoma kwa jicho lingine, nikakuta kwamba mabishano yako wazi kabisa. Gregory Hickok, mtaalamu wa lugha na ubongo nchini Marekani, aliandika mwaka 2014 kitabu kizima dhidi ya maelezo makali ya nyuroni za kioo. Hoja yake kubwa ni rahisi: kuna wagonjwa wa kiharusi ambao hawawezi tena kutenda tendo, lakini wanalitambua wanapoliona, na kuna waliopoteza usemi, lakini wanaelewa maneno wanayoambiwa. Mwaka 2016 Gilles Vannuscorps na Alfonso Caramazza waliwachunguza watu waliozaliwa bila mikono au wakiwa na mikono mifupi mno. Watu hao hawakuwahi kutenda kwa mkono, kwa hiyo hawana cha kuigiza ndani ya ubongo. Hata hivyo walizitambua kazi za mkono sawasawa na watu wenye mikono.

Hii haimaanishi kwamba Parma walikosea walichokiona. Nyuroni zile zipo. Mwaka 2010 Roy Mukamel na wenzake walipata nafasi ya nadra ya kusikiliza seli za ubongo wa binadamu, kwa wagonjwa 21 wa kifafa waliokuwa tayari na nyaya kichwani kwa ajili ya matibabu. Katika seli 1177 walikuta baadhi zinazoitikia kutenda na kuona vilevile. Walikuta hata nyingine zilizoamka wakati wa kutenda na kutulia wakati wa kuona, kana kwamba kazi yake ni kutuzuia tusiige kila tunachokiona. Kinachobishaniwa ni neno moja, na ni neno letu sisi watu wa lugha: «kuelewa».

Nadhani tunalitumia neno hilo kwa mambo yasiyo sawa. Kuna kutambua tendo: huyu anapiga randa. Kuna kujua shabaha: anataka mlango uingie kwenye fremu. Kuna kutabiri: pigo hili litachana mbao. Na kuna kujua namna ya kusahihisha. Wale wachezaji wa mpira wa kikapu waliwashinda makocha katika kutabiri. Hakuna aliyesema kwamba makocha hawajui mpira ni nini. Wale waliozaliwa bila mikono walitambua matendo sawasawa na wengine. Sidhani kama yeyote kati yao angedai kwamba anajua uzito wa nyundo. Mtu anaweza kubaki na ngazi moja na kupoteza nyingine. Baba mkubwa aliposema «hasikii», alitumia neno moja kwa ngazi zote, na kwa neno hilo tulikuwa karibu kuuza karakana.

Jumapili tulimwita baba mkubwa. Hakupenda mchezo wetu, lakini alipenda kujihakikishia. Alichukua randa mwenyewe, vibaya sana, kwa kuwa yeye alifanya kazi ya reli. Kila pigo lake lilijibiwa kwa «basi!» mpaka sote tukacheka, na baba mdogo akacheka pia kwa upande mmoja wa uso. Baba mkubwa alikaa kimya, kisha akasema: «Rabo zibaki.» Siwezi kudanganya kwamba umaskini ulikwisha siku hiyo. Jiliwa na misumeno miwili ilikwenda, kwa sababu dawa hazinunuliwi kwa majaribio yangu. Lakini randa tatu zipo, na kaka anaendelea na kazi huku kiti cha baba mdogo kikiwa kimegeuzwa kuelekea karakana.

Nami nilishika randa. Nilidhani miaka kumi ya kuangalia ingenisaidia. Bega langu lilijua lishuke, lakini randa iliruka juu ya ubao kama ng'ombe anayekataa kamba. Baba mdogo alisema «basi» mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sasa nakwenda kila Jumamosi, na jambo moja limebadilika kwa uhakika: naisikia tofauti ya sauti hata nikiwa barabarani, kabla sijafika langoni. Kuangalia kulinipa shabaha ya tendo. Kushika kumenipa sikio. Kwa hiyo siwezi kusimama na Parma kwa yote, wala na Hickok kwa yote.

Najua kwamba mapigo sita ya randa na mgonjwa mmoja si utafiti. Huenda baba mdogo anaitikia tu sauti mbaya, kama mtu yeyote anavyoudhika kisu kinapokwaruza sahani. Nililifikiria hilo, nikajaribu tena kwa sauti mbaya zisizo za randa: msumari juu ya bati, sufuria juu ya saruji. Aligeuza uso kwa kero, lakini mkono haukupiga kiti na «basi» haikutoka. Hata hivyo mwenye sikio la kisayansi ataniuliza maswali mengine kumi, na atakuwa na haki.

Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nimeomba kuandika juu ya «piga» na ndugu zake: namna wazungumzaji wa Kiswahili cha Lubumbashi wanavyoelewa tendo pale ambapo kitenzi hakisemi kiungo. Hatuna hapa mashine za kupigia picha ubongo kwa kazi ya wanafunzi, lakini kupima muda ambao mtu anachukua kujibu kunawezekana kwa kompyuta ya kawaida. Wenzangu watakaotaka kujitolea kama wasomaji wanaalikwa. Na kwa wenzangu ambao nyumbani kwao kuna mzee aliyepoteza usemi, nina ombi dogo: kabla ya kusema kwamba hasikii, mtafutie kazi aliyoijua, ifanye mbele yake vibaya kidogo, kisha mwangalie.

Siku hizi baba mdogo ana ishara mpya. Anageuza kiganja cha kushoto juu chini mara mbili, halafu anakielekeza kwangu. Kaka anafikiri anataka nigeuze ubao. Mama mdogo anasema anaomba chai. Nimejaribu yote mawili na bado anarudia. Jumamosi nitakwenda kuangalia tena.